Swali la Saba

Paramaribo. Mvua imeshika bati tangu alfajiri
nami nasahihisha: karatasi thelathini na moja,
kalamu nyekundu moja, chai iliyokwisha kupoa.
Mtihani umetoka wizarani ndani ya bahasha ya kaki,
umeandikwa kwa Kiholanzi,
lugha ambayo darasani mwangu
kila mtoto huivaa kama kiatu cha kaka yake:
wengine kinawabana, wengine kinawavuka.

Swali la saba. Picha nne:
birika, kitanda, soksi, kuku.
Kipi hakikai ndani ya nyumba?
Jibu wamelichapa wenyewe: kuku.

Adjuba amezungushia kitanda.
Nikaweka kosa. Mkono ulikwenda wenyewe,
kama mkono wa karani.

Adjuba alishuka kutoka mto wa juu mwezi wa Februari,
Kisaramaka kimemjaa kinywa, Kiholanzi maneno kumi,
mawili kati ya hayo ni "samahani" na "choo".
Nilidhani hasikii.
Kumbe anayesikia nusu ni Soekinem, mpole wa nyuma,
sikio la kushoto limelala tangu surua,
naye huitikia "ndiyo, mwalimu" kwa kila kitu
ili nisije nikarudia.
Mwenye masikio nimemweka mbele,
asiyesikia nimemweka chini ya pangaboi linalonguruma.
Miezi miwili. Sijamwambia mtu.

Asubuhi nikamwita Adjuba mezani,
nikamwonyesha kitanda kwa kidole.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi.
Giovanno, ambaye kiti hakijawahi kumshika dakika mbili,
alikuwa keshafika, akatafsiri bila kuombwa,
akiruka kwa mguu mmoja:
"Anasema kwao wanalala kwenye wavu, mwalimu,
unafungwa nguzo kwa nguzo, asubuhi unakunjwa.
Kitanda alikiona hospitali.
Kuku ndiye analala ndani, chini ya wavu wa bibi,
kwa sababu ya nyoka."

Darasa likacheka. Kisha likaacha kucheka.
Radjin, ambaye b na d humgeukia
kama mapacha wanaomchezea shere,
Radjin huyohuyo anayerudisha chenji dukani kwa baba yake
kabla sijafunga pochi,
akanyosha mkono: kwetu soksi hakuna.
Rosilene wa kambi ya dhahabu: birika letu liko nje, mafigani.
Soekinem akasema, "Ndiyo, mwalimu."
Nikahamia upande wake wa kulia, nikarudia swali polepole.
Akafikiri.
"Inategemea nyumba ya nani."

Nikapeleka karatasi kwa mkuu wa shule.
Bwana Landveld si mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta.
"Legina," akasema, "mzani ni mmoja kwa wote,
hiyo ndiyo haki."
Nilikuwa na jibu zuri sana.
Lilinijia nikiwa kwenye baiskeli, nusu ya njia ya kurudi nyumbani,
mvua ikiniingia shingoni.
Alama haikubadilika.

Jana nimehamisha viti. Pangaboi nimelizima,
tunatoka jasho sote, hata ramani ya ukutani imelegea.
Kengele ilipolia Adjuba hakutoka.
Alisimama karibu na meza yangu akiyapanga maneno
moja moja, kama anayehesabu mayai:
"Na kwenu, mwalimu? Kuku?"

Nilikuwa na miaka minane, huko Commewijne.
Bibi alinisemesha Kijava mpaka mlangoni mwa shule,
hapo ananyamaza, ananirekebisha kola, anageuka.
Swali lilikuwa hilohilo, au ndugu yake.
Na kwetu kuku alilala uvunguni mwa bibi,
usiku nikimsikia akijikuna.

Nilizungushia kuku.
Nikapata vema.
Karatasi ile niliitunza miaka mingi.